Zamu Tatu kwenye Mfereji Mmoja

Mama mmoja alikuwa na wana watatu wa kiume, binti mmoja, na shamba la maharage mwishoni mwa mfereji. Jina lake lilikuwa Naelijwa binti Kajiru, na shamba lake lilikuwa chini ya milima ya Upare, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Yalitoka katika ndiva, yaani bwawa la ukoo linalojaa usiku kucha na kufunguliwa alfajiri, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuyapokea. Hakuna aliyegusa zamu ya mwenzake.

Mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha, Naelijwa alipatwa na kiharusi. Hakufa. Alilala macho wazi, hasemi, hageuki, akimeza uji aliolishwa na binti yake Kundaeli, kijiko kimoja kwa muda wa kutosha kupalilia tuta zima. Wanawe wakagawana siku za kumwangalia kama walivyozoea kugawana maji: Jumatatu ya Mbonea, Jumatano ya Zefania, Ijumaa ya Eliamani. Hawakupenda kukutana, kwa sababu kila walipokutana walibishana kama mama yao bado yumo ndani ya mwili ule.

Mbonea alikuwa mganga wa zahanati. Alishika mkono wa mama, akahesabu mapigo, akamulika macho, akaandika. Hakumwambia neno. Zefania alikuwa mwalimu, mtu wa kupima hoja. Alisimama upande wa miguu akauliza maswali mazuri: mtu asipoweza kujibu, tutajuaje kwamba amesikia? Na sisi tunaojibu, tunajuana kwa kitu gani hasa? Hakumgusa. Eliamani alikuwa mwinjilisti. Alipiga magoti, akafumba macho, akaomba kwa machozi, na kila Ijumaa aliondoka akisema mama amemjibu. Amejibu nini, hakuweza kusema. Kundaeli peke yake ndiye aliyeziona siku zote tatu.

Mama alipoanza kupaliwa na uji, Mbonea alisema, "Nyumba ipo, mwenye nyumba amehama. Tusimtese." Zefania aliipima hoja ile, akaikubali. Eliamani alilia, lakini hakuwa na ushahidi. Wakaiweka Jumapili kuwa siku ya kuacha kumlisha.

Alhamisi ilikuwa zamu ya maji ya Naelijwa. Kundaeli alikwenda shambani na jembe, moyo mzito. Akayaona maji yakishuka mferejini, membamba kama kamba, yakaingia kwenye mchanga mkavu, yakaishia hatua thelathini kabla ya maharage. Jirani yao, Mama Mrutu, alikuwa ameketi ukingoni akimtazama.

"Unamwagilia mchanga, mwanangu?" alisema akicheka. "Mama yako angekuwa amekwisha kututukana sote. Mwaka ule wa ukame, zamani, sisi hatukupokea kila mtu siku yake. Yeye, mimi na marehemu Kihiyo tuliweka zamu zetu pamoja, maji ya siku tatu tukayafungulia siku moja. Kila mmoja alipoteza siku yake, lakini maji yalifika."

Kundaeli aliweka jembe begani. Kisha akarudi nyumbani, akawapelekea kaka zake neno moja: waje Jumamosi, wote.

Walikuja asubuhi, kila mmoja amenuna. "Bwana vidonge," Zefania akamwambia Mbonea mlangoni, "leo umetuletea dawa gani?" Mbonea akajibu, "Ya watu wanaouliza maswali wakiwa mbali na mgonjwa." Kundaeli hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe cha uji, na kesho yake kikombe hicho kingekuwa tupu.

"Kaka zangu," alisema, "anayemshika hamwulizi, anayemwuliza hamshiki, na anayemwombea amefumba macho; leo leteni zamu zenu zote tatu kwenye mfereji mmoja."

Waliona haya. Mbonea akaushika mkono wa mama. Zefania akachuchumaa karibu na sikio lake, kwa mara ya kwanza. Eliamani akaomba, macho wazi, sala ambayo mama mwenyewe aliisali kila jioni, akiwataja watoto wake kwa utaratibu wa kuzaliwa: Mbonea, Zefania, Eliamani, Kundaeli.

Mbonea akainua kichwa. "Amenibana kidole," alisema. Halafu, kama alivyofundishwa, akasema, "Huenda ni misuli tu. Rudia." Eliamani akarudia. Kidole kikabanwa tena, mahali palepale, kati ya jina la Zefania na la Eliamani. Ndipo Zefania akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, tumemruka mtu?"

Vidole vya mama vilibana, wala havikuachia.

Ndugu wale walitazamana, hawajui. Lakini Kundaeli, aliyebaki nyumbani na kuisikia sala ile kwa miaka mingi, alijua. Kati ya Zefania na Eliamani, hao wakubwa wakiwa wadogo wasioweza kukumbuka, alizaliwa mtoto wa kike aliyeishi siku tisa, akafa kabla ya kubatizwa. Mama alimtaja kwa midomo tu, bila sauti, hata siku moja Kundaeli alipomwuliza akamweleza.

"Nakiete," alisema Kundaeli.

Eliamani akaanza upya: Mbonea, Zefania, Nakiete, Eliamani, Kundaeli. Mkono wa mama ukalegea, ukatulia ndani ya mkono wa mwanawe. Mbonea alikuwa akihesabu mapigo, hesabu ikampotea, akasema, "Mama."

Kisha akamwinua, akaonyesha jinsi ya kumketisha ili uji usimpalie. Zefania akashika kikombe, Eliamani kijiko. Tangu siku ile hawakugawana siku tena. Hakuna aliyeacha kazi yake: Mbonea aliendelea kuhesabu, Zefania aliendelea kutilia shaka, Eliamani aliendelea kuomba, ila walifanya hivyo katika chumba kimoja. Na Alhamisi iliyofuata Kundaeli na majirani waliweka zamu zao pamoja, mchanga ukanywa ukashiba, na maharage ya Naelijwa yakatoa maua.

Nawe unayeusikia mfano huu, maji ya zamu yako huishia wapi?