Koti la Saruji la Puech-Redon

Mtu aliyeingia kijiji cha Lacam kwa barabara ya juu alipokewa kwanza na ukuta wa kijivu wa shamba la Puech-Redon. Ulikuwa ukuta mpana, mkavu wa sura kama uso wa askari wa forodha. Nyuma yake kulikuwa na malisho yaliyoteremka hadi mtoni, miti ya jozi waliyoipanda mababu, kisima kisichokauka hata Agosti, na ghala lenye paa la mawe bapa lililotandazwa kama magamba ya samaki. Lakini nani angeyajua hayo? Wapita njia waliuona ukuta, wakakanyaga mafuta.

Bi Léonie Cazelles alizaliwa katika nyumba ile, akaolewa humo, akafiwa na mume humo. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili, magoti yalikuwa yamegoma, na mwanawe wa pekee alikuwa rubani huko Kanada ambaye ng'ombe aliwaona kwa juu tu. Kibao cha kuuza nyumba na shamba kilikuwa kimekaa langoni miaka mitatu, hata buibui wamekifanya kwao. Jirani yake, Bwana Delmas, tajiri wa matrekta, alishatoa neno lake: atanunua shamba, ila nyumba ataibomoa ajenge banda la mashine. Jibu alilitaka kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, na Oktoba ilikuwa imeshafika katikati. Kila Léonie alipowazia tingatinga likiukwangua ukumbi aliofundishiwa kutembea, alisukuma sahani kando.

Habari za kijiji kizima zilipita kwa Huguette, mwoka mikate, redio isiyohitaji betri.

"Shoga, nasikia Jumamosi unaletewa mnunuzi, daktari wa Paris," alisema asubuhi moja huku akimfungia mkate.

"Umesikia kwa nani?"

"Dalali kamwambia mkewe. Mkewe kaja kununua mkate mmoja, kakaa saa nzima. Sasa nisikilize. Vaa ile blauzi ya buluu, mchinje bata, na ule ukuta uupige rangi, maana, Mungu anisamehe, unafanana na gereza."

"Gereza ni la kwenu! Ukuta ule marehemu Firmin wangu aliutia saruji mwaka wa sabini na nne. Nyumba ya kwanza parokia nzima! Padri mwenyewe alikuja kuushika."

"Kweli alikuja," Huguette akakubali. "Na sote tukaiga kama kondoo. Mawe yalikuwa ya maskini, saruji ya watu walioendelea. Haya, bata umtie vitunguu saumu."

Jumamosi ikafika. Bata alinukia hadi barabarani, keki ya jozi ikapoa dirishani, na meza ikatandikwa kitambaa cha harusi. Saa sita kamili dalali, Bwana Fabrègues, aliingia uani akifuatwa na gari linalong'aa kama kioo. Daktari akashuka. Mkewe akashusha kiatu kimoja cheupe, akautazama ukuta, akaiona na michirizi ya unyevu iliyouchora kama ramani, na kiatu cha pili hakukishusha.

"Ni... imara," daktari alisema.

"Ni kama ofisi ya kodi," mkewe akamalizia.

"Karibuni basi ndani," Léonie alisema, na mikono yake ikapangusa aproni iliyokuwa safi tayari. "Kuna meko ambayo mtu anasimama wima ndani yake. Boriti ni za mwaloni..."

Wakamshukuru kwa adabu inayouma kuliko tusi, wakaondoka. Vumbi la gari lao lilipotulia, Bwana Fabrègues akajikohoza. "Bi Léonie, nakwambia kama mwanao. Mkubalie Delmas. Nyumba hii haina uso." Kisha, kwa kuwa bata hakuwa na kosa lolote, akaketi mezani, akajifunga kitambaa shingoni.

Léonie alibaki mlangoni, akimeza uchungu kama dawa ya minyoo. Hapo ndipo gari la mizigo lilipoingia uani likikohoa kama mzee mvuta tumbaku. Akashuka mwanamke wa makamo, nywele kafunga kitambara, buti zimeganda vumbi jeupe hadi kwenye vifundo. Léonie alikuwa akimtarajia mtu wa kunyonya majitaka, basi hakusubiri salamu.

"Shimo la choo liko nyuma, kando ya zizi. Pitia nje, usinichafulie ukumbi."

"Asante, mama," mwanamke yule alisema bila kununa. "Lakini mimi nimekuja kuitazama nyumba. Naitwa Solenn. Tangazo nimelisoma dukani kwa mwoka mikate."

Kutoka mezani dalali akacheka mdomo umejaa. "Binti, hili ni shamba zima, si kibanda cha kupangisha!"

Solenn hakumjibu. Alikwenda ukutani, akauwekea kiganja, kisha sikio, kisha akaugonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale. Akageuka.

"Nani aliivalisha nyumba hii koti la mvua?"

"Mume wangu!" Léonie alifoka. "Na ulimi wako uuchunge, maana yuko kaburini hawezi kukujibu."

"Simtukani, mama. Mimi ni fundi mwashi, na baba yangu pia alipaka saruji hiyohiyo. Miaka ile kila mtu alidhani anafanya vyema. Lakini jiwe linapumua. Zamani walilipaka chokaa, jasho likatoka. Ukilifungia saruji, jasho linarudi ndani. Kila majira ya baridi unasugua ukungu ukutani, sivyo?"

Léonie alivitazama viganja vyake. Miaka mingi alikuwa amesugua ukungu ule, akijiambia kwamba nyumba inazeeka pamoja naye.

"Niruhusu nibandue kipande kimoja," Solenn akaomba. "Nikikuta mawe yameoza, nitakwambia ukweli, uende zako kwa huyo wa banda la mashine. Kijiji kizima kimeshanisimulia habari zake."

"Usithubutu!" Dalali alitoka mbio, kitambaa kingali shingoni. "Bi Léonie, akivunja hapo na Delmas akaona uozo, hata ardhi atakupunja!"

Léonie aliutazama ukuta. Alimwona Firmin juu ya jukwaa la mbao, kijana, akipiga mluzi, saruji hadi kwenye kope. Je, amvunjie kazi yake mbele ya mtu asiyemjua? Na asipoivunja, si tingatinga litaivunja pamoja na nyumba? Akapiga moyo konde.

"Firmin aliipenda nyumba hii," alisema, "ndiyo maana akaivalisha. Lete hiyo nyundo. Tutaivua pamoja."

Pigo la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. La pili na la tatu Solenn alipiga kwa patasi, pembeni mwa dirisha. Saruji ikalia, ikaachana na ukuta, ikaporomoka kipande kikubwa kama shuka. Vumbi lilipotua, wote watatu walisogea karibu. Mbele yao yalikuwa mawe ya rangi ya asali, yamechongwa na kupangwa hata kisu kisingepenya katikati yake, na juu ya dirisha tao la mawe matano limejifunga kama vidole vya watu walioshikana mikono.

"Mama," Solenn alisema taratibu, "kwa miaka kumi na tisa nimezitibu nyumba za watu. Kama hii sijaigusa."

Léonie aliyapapasa mawe yale. Alikuwa amelala nyuma yake tangu utoto, yakiwa yamefunikwa chokaa kwanza, saruji baadaye, na leo tu ndipo alipofahamiana nayo. Kisha akakumbuka uungwana.

"Binti yangu, nimekuelekeza chooni kabla sijakukaribisha mezani. Aibu ni yangu, si yako. Ingia ule."

"Bata amebaki?"

"Muulize dalali."

Ndani Solenn aliingia katika meko, akasimama wima, akacheka. Aligusa boriti za mwaloni moja moja. Mbele ya tanuri la mkate alikaa sana.

"Linapokea mikate mingapi?"

"Ishirini na minne. Wakati wa mavuno tulikuwa watu thelathini humu, na kelele zake usiseme!"

"Mimi nina watoto wanne, mume, na vyumba viwili mjini. Kelele nitaleta mwenyewe." Akatoa barua ya benki mfukoni. Mkopo ulikuwa umekubaliwa, ila haukufikia kitita cha Delmas.

Léonie aliisoma barua mara moja, akainyanyua simu ya ukutani.

"Delmas, mwanangu? Banda lako katafutie kwingine. Ndiyo, nimepata mnunuzi... La, hakukuzidi. Kapungukiwa kidogo. Wewe ulitaka kiwanja, mwenzio anataka nyumba. Wasalimu watoto."

Mwaka wa pili, mwezi Juni, kipande cha mwisho cha saruji kilianguka, na Solenn akaziba viungo vya mawe kwa chokaa. Siku hiyo Huguette alifunga duka, jambo ambalo halikutokea hata alipojifungua. Meza ndefu ikatandazwa uani, tanuri likatoa mikate ishirini na minne mara mbili, watoto wakakimbizana hadi kisimani. Nusu ya Lacam ilikuwa imeshaanza kubandua kuta zake kimyakimya, na duka la vifaa la mjini likaishiwa chokaa. Bi Léonie, ambaye sasa alipanga chumba juu ya duka la mikate, aliketi kwenye kichwa cha meza, blauzi ya buluu, shingo ndefu kama bata mzinga.

Gari likasimama barabarani. Wageni wakashuka na kamera, wakaukodolea macho ukuta uliowaka jua la jioni.

"Bibi, nyumba nzuri hii imejengwa lini?"

"Kabla ya babu wa babu yangu," alijibu kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa meza. "Ila sisi wenyewe tumeiona juzi. Msisimame hapo, ingieni!"

Wakaingia, wakapewa mkate. Na hata Delmas, aliyekuwa akitafuna kimya pembeni, alikiri kwamba wahenga hawakukosea: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.