Sahani ya Nyuma ya Mlango

Zama Sultani Harithi bin Ghalibu alipotawala mji wa Kafuri, Bi Rukaya, mke wa Idrisa mshona viatu, wote wawili wageni waliotoka ng'ambo ya jangwa, alikuwa uani akipepeta mchele, na mara akaingia jirani yao Salehe, mzaliwa wa mji, akihema.

"Shemeji, weka ungo chini. Tumekamatwa mimi na Idrisa tukichota maji katika birika la Sultani. Mimi nimekaripiwa nikaachiwa. Yeye atakatwa mkono alasiri."

"Kosa moja, hukumu mbili?"

"Mimi nimepata mdhamini. Na mdhamini sharti awe mzaliwa wa mji, aliyekula nyumbani kwa mshitakiwa."

"Wewe si unakula kwetu kila Ijumaa?"

"Mimi ni mshitakiwa, sikubaliwi. Na wengine, shemeji, wanaona haya kula kwa wageni."

Bi Rukaya hakulia, maana kilio hakiungi mkono. Akajitanda ushungi, akaenda barazani kwa Sultani, kando ya birika lile, akapiga magoti.

"Ewe Maulana, sina mzaliwa aliyekula kwangu. Nina sahani tu. Kwetu ni desturi kila usiku kumwekea mpita njia chakula nyuma ya mlango, na asubuhi naikuta tupu, safi. Nadhani ni paka."

"Paka gani anaosha sahani?" ikauliza sauti, na moshi ukapanda kutoka birikani, na ndani yake jini mrefu kuliko mnara, na walinzi wakaangusha panga. "Mimi ndiye niliyekula kwa mama huyu tangu alipofika, na siku moja tu chumvi ilizidi. Namdhamini mumewe."

Kadhi aliyeketi kando ya Sultani akashika sheria yake. "Wewe ni mzaliwa wa wapi?"

"Wa chemchemi inayojaza birika hili, kabla mji haujawekwa jiwe la kwanza. Babu yake Sultani alifika hapa ana kiu, hana ndugu, na nikamnywesha bila kumwuliza kwao ni wapi. Nyote ni wageni wangu. Je, nanyi niwakate mikono?"

Sultani akainama kwa haya, kisha akashuka kitini, akamfungua Idrisa kamba kwa mikono yake mwenyewe, akaamuru mgeni na mzaliwa wahukumiwe kwa mizani moja.

"Bi Rukaya, omba utakacho."

"Ahsante, Maulana, nimekwisha kupewa. Sasa niruhusu, mchele nimeuacha na kuku."

Kuku walibakiza wa kutosha. Jioni wali ukapakuliwa, na Bi Rukaya akawahesabu walioketi mkekani: Idrisa na mikono yake miwili, watoto, Salehe na mkewe, na ile sahani akaitoa nyuma ya mlango akaiweka katikati, mbele ya jini aliyejipunguza kimo.

"Aliyenyweshwa jana asimnyime wa leo," akasema Idrisa.

"Chumvi je?" akauliza Bi Rukaya.

"Imekaa," akajibu jini.

"Alhamdulillahi. Tupo wote. Kuleni."