Mizinga Mlangoni kwa Nyegere

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Nikoleze, nisikoleze?

Koleza, tulambe vidole!

Basi. Katika msitu wa Kimbogo aliishi Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu ichezayo. Msimwite panya, ana jina lake. Kila alfajiri alifagia vijia vyake, fye, fye, fye, jani lisionekane.

Siku moja wapima ardhi walisahau jipiesi yao msituni, kile kidude cha mkononi kinachomwonyesha mtu njia. Sange akajifunza vitufe vyake, akazunguka msitu mzima akiweka alama penye kila mzinga wa nyuki. Zilizojirudia akazifuta. Zilizokuwa namba tupu akazipa majina yake hasa: Mkuyu wa Pili Kutoka Mtoni. Mwamba Uliopasuka. Zikabaki arobaini, akazipanga kijia kwa kijia, akaketi kuzitazama. Kifua kikamjaa.

"Nani mwingine anaijua Kimbogo kwa majina?"

"Mimi!" Alikuwa Nyegere, mwenye nguvu na tumbo lisilojua asante. Po! Akamnyang'anya.

Siku ya kwanza jipiesi ikalia ti-ti-ti, Nyegere akamaliza mzinga, masega na nyuki wake. Siku ya pili, ti-ti-ti, akamaliza mwingine. Sange akawatazama wanawe. Kiangazi kilikuwa mlangoni, wangelamba nini? Siku ya tatu akamfuata.

"Pole na miguu, mjomba."

"Inawaka moto, we kipua! Mbona mizinga umeiweka mbali?"

"Mbali ni kwa wanyonge, mjomba. Kuna kitufe hapo, Hamisha Hapa. Ukikibonyeza, alama yoyote inahamia uliposimama."

"Yoyote?"

"Yoyote. Ila nakuomba, niachie moja tu."

"Hata nusu!"

Nyegere akakimbia mpaka kwenye shimo lake, akasimama mlangoni, akabonyeza. Ti! Mkuyu wa Pili ukahamia mlangoni. Ti! Mwamba Uliopasuka ukahamia mlangoni. Ti, ti, ti, alama zote thelathini na nane! Jipiesi ikaandika: Umefika.

Akachimba, fuku, fuku. Hakuna kitu. Jipiesi: Umefika. Akachimba, fuku, fuku, mpaka dari ya nyumba yake ikamwangukia, gubu!

"Kipua! Asali iko wapi?"

"Kidude kinasemaje, mjomba?"

"Kinasema nimefika!"

"Basi hongera kwa kufika."

Sange akawachukua wanawe, akaongoza njia bila kumwuliza mtu wala kidude. Wakalamba asali kiangazi chote, naye akiwatajia kila mahali kwa jina lake, kichwa juu.

Funzo, watoto: mwenye nguvu asihangaike kujua mahali popote. Apalete pote mlangoni kwake kwa kidole kimoja, kisha achimbe. Bidii haimtupi mtu.

Ngano nimeitua. Aliyeshiba anawe mikono. Mwenye njaa akabishe hodi kwa Nyegere.