Bangili Kwenye Mti wa Magofu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuzungumza na sungura, ni zamani ya juzi tu, ndege zinaruka na simu zimo mifukoni, palikuwa na mume na mke wa Tongoni, kule Tanga. Mume Mzee Kibwana, mke Bi Mwantumu. Mzee alipiga fidla kwenye taarabu miaka thelathini, na mkewe alimsubiri arudi nyumbani miaka thelathini hiyo hiyo. Binti yao wa kwanza, Mwanahawa, Hawa kwa kifupi, alikuwa muuguzi Ayalandi. Akawaambia: njooni mtembee wiki moja, kisha turudi wote kwa harusi yangu. Wakaenda.

Sasa shikeni habari ya bangili, maana bila hiyo mtakodoa macho tu. Bi Mwantumu alivaa bangili ya fedha ya marehemu mama mkwe wake, aliyemvisha yeye kwa kuwa hakuzaa binti. Bangili ile haiwekwi kabatini. Hukaa mkononi mwa mama mpaka binti wa kwanza aolewe. Siku hiyo mama huivua na kumvisha kwa mkono wake mwenyewe. Binti akitoka bila bangili, watu husema ametoka bila radhi ya wazazi. Na watu wa Tongoni kusema hawachoki.

Siku ya kwanza Hawa akawapeleka kuona magofu. Siku ya pili, magofu. Siku ya tatu, magofu tena.

"Mwanangu," akasema Mzee Kibwana, "mimi nimezaliwa ubavuni mwa magofu. Nimefunga mbuzi kwenye magofu. Nimepanda ndege tatu kuja kuona nyumba nyingine isiyo na paa?"

"Baba, hii ilikuwa ya watawa. Ina miaka mia saba."

"Na miaka yote hiyo hakupatikana fundi wa paa?"

Nyuma ya magofu hayo palikuwa na kisima, na kando ya kisima mti wa miiba uliofungwa vitambaa, rozari, hata viatu vya watoto. Hawa akaeleza: mtu akiwa na mgonjwa hufunga kitu pale na kumwombea. Kilichofungwa hakiondolewi. Anayekiondoa, husemwa, anaondoka na ule ugonjwa.

Bi Mwantumu akarudi nyuma hatua mbili. "Hayo nayajua. Hata kwetu, kitambaa cha mwenzio makaburini hukigusi."

Jumapili mchana Hawa akawapeleka baa. Ndiyo, baa. Mzee akasimama mlangoni kama punda aliyeona daraja.

"Muziki wao uko humu, baba. Na chai ipo."

Akaingia, akakaa ameyapa mgongo yale machupa. Chai ikaja, haina iliki wala tangawizi, akainywa kwa kuihurumia. Wapigaji nao walikaa duara, wamewapa watu migongo, kama wanaokula sinia moja: fidla, filimbi, dufu, kodiani. Mzee mguu ukaanza kugonga sakafu wenyewe.

Ghafla kimya. Mama wa miaka sabini na kitu, jina lake Bi Nora, akafumba macho akaimba peke yake, bila chombo. Aliimba kwa lugha yao ya kale ambayo hata Hawa haijui. Bi Mwantumu hakuelewa neno moja, lakini alijikuta kashika shavu.

Mzee akamgusa kwa kiwiko. "Mama Hawa, unakaa tu? Mwimbaji kama huyu aondoke mikono mitupu mbele yetu? Mtuze!"

"Pochi imo garini."

"Basi tafuta chochote!"

Bi Mwantumu akamgeukia binti. "Hawa, huku waimbaji wanatuzwa?"

Hawa alikuwa kwenye simu na mchumba. "Ndiyo mama, sawa mama," akajibu, na sikio lake halikuwapo.

Bi Mwantumu akainuka. Akainua mikono, akakitikisa kiuno taratibu, akaenda mbele kama aendavyo mtu kutuza. Mle ndani hakuna anayesimama wimbo ukiimbwa. Walimtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Yeye hana habari. Akafika, akaivua bangili, akamvisha Bi Nora.

Bi Nora akafumbua macho. Halafu akamshika mgeni mkono, akaimba mpaka mwisho hajamwachia.

Hawa ndipo alipogeuka. "Mama! Bangili yangu!"

Mama akautazama mkono wake kana kwamba umemwota sasa hivi.

Mnasema angeidai pale pale. Haya, nyinyi mngedai? Tuzo uliyotoa mbele ya watu unaifuata vipi? Bi Mwantumu alikataa. Wakagombana Jumapili, wakagombana Jumatatu. Jumanne ndiyo siku ya kuondoka, ndege ni ya jioni. Mzee akasema yatosha. Wakaulizia, wakaambiwa Bi Nora kila asubuhi yuko kisimani kwenye magofu.

Wakamkuta. Mkono wake mtupu. Bangili inaning'inia kwenye mti.

Hapo kila mtu akasema lake, na Hawa ndiye mkalimani. Maskini, ilimbidi atafsiri hata yale yanayomnyang'anya.

Bi Nora akasema: "Kaka yangu Donal alikuwa mpiga fidla. Kiharusi kilimshika mkono, miaka miwili haujainuka. Nimefunga kwenye mti huu kila kitu changu, bure. Nilipovishwa bangili nikasema, hii sikuitafuta, imenijia. Nikaifunga jioni ile ile. Jana asubuhi Donal ameshika kikombe. Mlinipa wenyewe, mbele ya watu. Bangili ni yangu, na mimi nimeshaitoa."

Mzee Kibwana akasema: "Bangili ni ya mama yangu. Mke wangu alikuwa mbebaji tu. Mbebaji hatoi mzigo wa watu."

"Nani aliniambia nimtuze?" mkewe akamrukia. "Kiwiko chako bado nakisikia hapa ubavuni!"

"Nilisema tafuta chochote! Sikusema bangili!"

"Mkono wangu ulikuwa na nini kingine, Baba Hawa? Kucha?" Kisha akasema: "Nilitoa kwa moyo mmoja. Nikiidai nimekula matapishi. Lakini mwanangu…"

Hawa akasema: "Bangili ni yangu tangu nizaliwe. Nitashuka Tanga, mama zangu wadogo watautazama mkono huu kabla ya uso. Nitawaambia nini? Kwamba radhi yangu iko juu ya mti?"

"Ulipoulizwa ukajibu nini?" akasema mama yake.

Hawa hilo hakulitafsiri.

Hapo akatokea Donal mwenyewe, anaburuta mguu, fidla kwapani. Akasema: "Mpeni binti kitu chake. Mgonjwa ni mimi, na sikuomba harusi ya mtu."

"Wewe uliomba kufa," dada yake akamjibu. "Mimi ndiye niliyeomba upone. Nyamaza."

Donal akaiweka fidla begani, akaushika upinde. Ukamponyoka. Akauokota. Akapiga sauti tatu, mbovu, kama mlango usiotiwa mafuta. Ya nne ikatoka safi.

Mzee Kibwana, aliyekuwa mbele kudai kuliko wote, akakaa juu ya jiwe la watawa. "Mkono huo unarudi," akasema. "Mimi mpiga fidla, najua. Sasa sijui nasemaje."

Tangu hapo hakuna aliyejua asemaje. Mama akasema labda ichukuliwe. Bi Nora akaanza kulia, akasema labda ichukuliwe. Hawa, muuguzi, mtu wa sindano na vidonge, akasema labda ibaki. Kisha akasema hapana. Kisha akauliza saa ngapi. Barabarani dereva wa teksi ya kuwapeleka uwanja wa ndege akapiga honi.

Wewe unayetaka kusema wanunue nyingine, kaa kimya, hiyo si ile. Na wewe unayesema mti hauponyi mtu, vizuri, nenda ukaifungue wewe.

Honi ikalia mara ya pili. Mkono mmoja ukainuka, ukapita katikati ya vitambaa na miiba, ukaishika bangili. Ulikuwa wa nani, na uliishika kuifungua au kukaza fundo, siwaambii. Mlikuwapo tangu mwanzo, mmesikia kila mmoja.

Je, ni mkono wa nani uliostahili kuigusa?