Nani Atampa Jina Mtoto wa Singano?

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia na asinzie sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali, na sitaki kusikia mtu akijitetea kwamba mwanzo ulimpita.

Katika kijiji kimoja cha milimani walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Hozza, mchunga mbuzi. Huyu alijua vivuli. Kutwa nzima machungani rafiki yake alikuwa jua na fimbo yake, na watu walimtania kwamba anazungumza zaidi na kivuli chake kuliko anavyozungumza na mkewe.

Wa pili ni Kidawa, msusi wa mikeka. Huyu alijua matope. Aliingia vinamasini kukata ukindu, na pale ambapo ng'ombe angezama mpaka pembe, yeye alipita huku akiimba.

Wa tatu ni Mntambo, fundi wa mapaa. Huyu alijua mishazari. Nyumba zote za kijiji zilikuwa zimeinamishwa paa na mikono yake, na hakuna hata moja iliyovuja. Ila kwa maneno alikuwa bahili. Ukimwamkia asubuhi, jibu unalipata jioni.

Nje ya kijiji hicho kuna jiwe limesimama peke yake, wima kama kidole, laini pande zote. Kinamasi kimelizunguka, na chini ya matope yake kuna mawe makali. Juu ya jiwe kuna ufa, na ndani ya ufa kuna nyuki. Siku moja mrina asali mmoja, jina lake Singano, alimuaga mkewe Mwanamvua, ambaye alikuwa mjamzito na siku zake zimekaribia.

"Nakwenda kuchungulia tu," akamwambia.

Ninyi mnawajua warina asali. Singano alikanyaga shina la mti lililoelea, akaushika mzizi mkavu wa mkuyu ulioning'inia jiweni, akapanda mpaka juu. Alipofika, mzizi ukakatika vipande, ukaangukia lile shina, vyote viwili vikamezwa na matope. Nyuki nao hawakumwacha. Walimuuma macho mpaka yakavimba, akabaki juu ya jiwe haoni njia, anapapasa ukingo kwa kidole cha mguu.

Kijiji kizima kilikimbilia huko. Mwanamvua alifika akishika kiuno, akamwita mumewe, naye akaijua sauti. Upande wa mashariki mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya. Kila mtu alijua kwamba mvua ikinyesha, jiwe lile huteleza kama bamia.

Singano akapaza sauti kutoka juu. "Jamani, nisikilizeni. Atakayenishusha hapa, huyo ndiye atakayempa jina mwanangu."

Hiyo si ahadi ndogo. Katika kijiji hicho mtoto hupewa jina moja tu maisha yake yote, na aliyempa jina huwa mzazi wake wa pili. Jina halipewi na watu wawili, wala halibadilishwi.

Basi ikaamuliwa itengenezwe ngazi ya mianzi. Lakini urefu gani? Ikipungua, haitafika. Ikizidi, itapinda katikati na kumwaga mtu. Aliyesimamia kazi alikuwa Kaoneka, mjomba wake Mwanamvua, mtu mwema lakini hajui kungoja. Alitaka kukisia kwa macho.

Hozza akamzuia. "Mjomba, subiri jua lishuke kidogo."

Akasimamisha fimbo yake ardhini, akachuchumaa kando yake. Watu wakamwona kama mwehu, mtu yuko juu ya jiwe na huyu anatazama fimbo. Mwanamvua akamwambia, "Shemeji, mawingu yale huyaoni?" Hozza akajibu kwamba anayaona, na macho hakuyatoa kwenye fimbo. Kivuli kilirefuka, kikarefuka, mpaka kikalingana na fimbo yenyewe. Hapo akainuka mbio, akachomeka kijiti majanini, mahali kivuli cha jiwe kilipoishia na kivuli cha miguu ya Singano kilipoanzia.

"Saa hii kila kilichosimama wima kimelala sawa na urefu wake," akasema. "Kutoka kijiti hiki mpaka kwenye shina la jiwe ndio urefu wa jiwe."

Kutoka kijitini mpaka ukingo wa kinamasi walipima wenyewe, ikawa mikono saba. Baada ya hapo ni matope, na mwanamume hata mmoja hakutia mguu.

Kidawa akajifunga kanga kiunoni. "Nipeni kamba," akasema.

Alilala kifudifudi juu ya matope, akajivuta kwa viwiko polepole, ncha moja ya kamba ameing'ata kwa meno, nyingine wameishika watu ukingoni. Mawe ya chini yalimchana magoti, na ruba wakamwandama miguuni. Katikati alizama mpaka mabegani. Kisha kichwa kikasogea tena. Akaligusa jiwe, akaikaza kamba, akafunga fundo pale ilipofikia jiwe. Walipomvuta na kuipima kamba ile, ikatoka mikono kumi na saba.

Saba na kumi na saba ni ishirini na nne. Mjomba Kaoneka hakungoja neno jingine.

"Jiwe ni mikono ishirini na nne, ngazi ni mikono ishirini na nne. Kuna nini tena?"

Wakakata mianzi, wakafunga kamba, jasho likawatoka. Ngazi ilipokamilika wakaisimamisha. Kwenye matope haikuweza kukaa, ingedidimia. Wakairudisha nyuma, mkono mmoja nje ya ukingo, mahali ardhi ni ngumu, wakailaza kwenye jiwe. Ikafika kama theluthi mbili tu ya jiwe. Singano alikuwa ameshashusha mguu, anaitafuta ngazi, na mguu ukakuta hewa. Mkewe akapiga ukelele, akamwambia aurudishe. Mjomba Kaoneka alikaa chini akashika kichwa. Mwenyewe alikuwa ameipima, na mwenyewe hakuelewa.

Ndipo Mntambo akakohoa.

"Urefu wa jiwe umesimama," akasema. "Ngazi imelala mshazari. Aliyelala mshazari ana safari ndefu zaidi."

"Sasa iwe ndefu kiasi gani?" Kaoneka akauliza.

Mntambo akachukua kijiti, akachora chini mistari mitatu: mmoja umelala, mmoja umesimama juu yake wima, wa tatu unaunganisha ncha zao. "Paa langu nalijua. Ukitoka mikono mitatu chini na kupanda mikono minne juu, kombamoyo, ule mti wa paa unaolala mshazari, linataka mitano. Haipungui, haizidi. Hapa tumetoka mikono kumi na minane kutoka kwenye jiwe, ndiyo mitatu mara sita. Juu ni ishirini na nne, ndiyo minne mara sita. Basi ngazi ni mitano mara sita. Mikono thelathini."

"Na ulikuwa hapa muda wote huu?" Mwanamvua akamwuliza.

"Nilikuwapo."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza."

Kama si mkono wa Hozza kumshika, mama yule angempiga fundi kwa kijiti chake mwenyewe. Wakaunga mikono sita juu ya ile ishirini na nne, wakafunga viungo mara mbilimbili, wakainua. Ncha ya ngazi ikagusa ukingo wa jiwe, ikatulia. Singano akashusha mguu mara ya pili, na safari hii mguu ukakuta mwanzi.

Alipokanyaga nyasi, mvua ikaanza kwa matone makubwa, na hakuna aliyekimbia. Mwanamvua aliketi pale pale kwenye maji, akacheka, akalia, akamshika mumewe uso wote uliovimba. "Kuchungulia tu," akamwambia, "kuchungulia tu." Kijiji kizima kilipumua. Usiku ule walilala vizuri, na asubuhi mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima.

Ndipo ugomvi ukaanza.

Hozza akaja na jina la marehemu baba yake. "Bila kivuli changu," akasema, "mngejuaje urefu wa jiwe?"

Kidawa akaja na jina la kaka yake aliyezama kinamasini. "Kivuli chako kilipima mikono saba ya nyasi kavu. Kumi na saba nimeipima kwa mwili wangu. Makovu ya ruba haya hapa."

Mntambo akaja, na jina hakulitaja. Alisema atalitaja akishapewa haki yake. "Kwa vipimo vyenu ngazi haikufika. Kwa changu ilifika."

"Chako kilitokana na vyetu," Kidawa akamjibu. "Ungezidisha nini mara sita?"

Hata Mjomba Kaoneka alijitokeza, akidai kwamba katika ngazi ile mikono ishirini na nne ni yake. Watu walicheka, wakamnyamazisha, ingawa wengine walikwenda nyumbani wakilifikiria.

Singano alikataa kuamua. Alisema siku ile macho yake yalikuwa yamevimba, hakuona nani alifanya nini. Wazee nao walikaa wakaondoka, wakakaa tena wakaondoka. Mtoto amekua. Sasa anatambaa, na bado hana jina. Juzi alishika njia kuelekea mafiga, moto unawaka. Mama yake akafungua kinywa amwite, akakosa la kuita. Ikabidi aruke, amnyakue kwa mguu.

Mtoto hakuungua, mshukuruni Mungu. Lakini Mwanamvua ameapa kwamba mara ya pili hataingoja. Anataka jina leo, moja tu, na amelileta swali kwenu. Aliyesoma kivuli, aliyevuka matope, au aliyejua mshazari: ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani mtoto huyu ampe jina?