Makalio ya Kwenye Sarafu

Usimsikilize anayekwambia wanyama hawakuwahi kuwa na pesa. Walikuwa nazo, tena za shaba, na almanusura ziwamalize wote. Mwenye habari nzuri kuliko hii na ajitokeze.

Jua liliwaka katika nchi ya Simba mpaka mto ukawa barabara. Maji yalibaki mahali pamoja tu: kisima cha Tembo, jirani wa ng'ambo ya korongo. Tembo akatuma salamu: "Nimechoka kuuza maji kwa ahadi. Leteni sarafu."

Simba akamwita Fisi, fundi pekee wa kugonga shaba.

"Upande mmoja sura yangu," akasema. "Upande wa pili, sura yangu tena."

"Mtukufu, mwenye sura mbili si ndumilakuwili?" Fisi akajibu kwa upole. "Upande wa pili tuweke nyuma yako. Raia wakuone mzima."

Simba akajigeuza, akajitazama. "Kweli. Hata nyuma nimejaliwa."

Fisi akacheka kimoyomoyo. Alijua hasira za Tembo ziko karibu, na vita vikizuka bonde zima litajaa mizoga. Mate yakamdondokea juu ya shaba.

Swala, mama wa mapacha waliokauka kwa kiu hata machozi hawana, ndiye aliyepeleka mfuko wa kwanza. Akazimwaga sarafu mbele ya Tembo. Nyingi zikatua kifudifudi.

"Nini hii?" Tembo akafoka. "Nimeomba malipo, Simba ananipa makalio?"

"Baba, zigeuze tu, chini kuna sura."

"Nigeuze mimi? Nenda! Kisima kimefungwa!"

Fisi huyo, akavuka korongo. "Mheshimiwa Tembo, usikubali. Nikugongee zako: huku sura yako, huku makalio yako yamekalia manyoya, kama yale ya shingoni kwa mtu fulani."

Tembo akalipa papo hapo. Sarafu zilipofika kwa Simba, akanguruma mpaka ndege wakaacha mayai. "Amenikalia kichwani! Vita!"

Majeshi yakakutana korongoni. Swala naye akaja, mapacha wamemwegemea huku na huku. Sungura, ambaye hapitwi na kitu kilichoanguka, alikuwa ameokota sarafu za pande zote mbili. Akazitazama, akarukia jiwe.

"Waheshimiwa! Kabla hatujafa, tujue tunafia makalio ya nani. Haya ya Simba yameinama, yana madoadoa. Haya ya Tembo yameinama, yana madoadoa. Kwani nyie ni tumbo moja?"

"Madoadoa? Mimi?" Simba akang'aka.

"Basi geukeni tuhakikishe."

"Ageuke yeye kwanza," akasema Tembo. "Mimi nchi jirani siipi mgongo."

"Yeye kwanza!"

"Geukeni pamoja, watoto wanakufa!" Swala akapiga kelele.

Wakageuka. Ya Simba yalikuwa ya mviringo, rangi moja kama mchanga. Ya Tembo, ghala la mahindi. Macho ya korongo zima yakaanza kumtafuta fundi.

Fisi alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea kichakani, kwa adabu kubwa. Angeendelea hivyo angepona. Woga ukamzidi, akageuka akimbie.

"Hayo hapo!" wakapiga ukelele, kila mmoja ameinua sarafu yake kulinganisha.

"Nisameheni!" Fisi akalia. "Nyuma ninayoijua kuchora ni yangu tu!"

Tembo akacheka mpaka masikio yakatimua vumbi. Simba naye akacheka, baada ya kuhakikisha hachekwi yeye. Kisima kikafunguliwa, mapacha wakawa wa kwanza kunywa. Wa pili, kusema kweli, maana Sungura alishatangulia. Zikagongwa sarafu mpya, sura upande mmoja, upande wa pili mtupu. Zile za zamani akapewa Fisi zote, ndio ujira wake.

Kesho yake akaenda kisimani, ulimi nje, mfuko begani. Swala ndiye aliyewekwa mlangoni. Akaipokea sarafu, akaitazama, akamtazama mwenyewe.

"Fundi, mbona unanilipa makalio yako?"

"Igeuze, mama, kuna sura."

"Nigeuze mimi?"

Mpaka leo Fisi akikimbia hubana mkia na kutazama nyuma kila hatua, asije akatokea mtu mwenye sarafu ya kulinganisha.