Siku Kiboko Alipoinuka Kitini

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na ukuta mmoja!
— Na majirani wawili! Tupe, shangazi!

Nawapa, lakini wewe Mwanakheri na kaka yako Shomari nyamazeni kwanza. Tangu asubuhi huyu anasema kompyuta ndiyo bora, yule anasema kisanduku cha gemu cha tivii ndicho bora, mpaka kichwa kinaniuma. Sikilizeni.

Hapo kale, kale ya juzi tu, Kiboko alikuwa na kompyuta ya gemu. Kubwa! Feni zake vuuuu, taa nyekundu, taa za buluu. Akicheza gemu la mto, yale maji unatamani kuyanywa. Lakini alicheza peke yake, mlango kaufunga. Jirani yake Nguchiro, kamnyama kadogo vile, alikuwa na kisanduku cha gemu cha kuchomeka kwenye televisheni, pedi mbili za kuchezea, na watoto saba. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: ukifungwa, unaachia pedi.

Siku hiyo Kiboko akaja. Ngo! Ngo! Ngo!

"Nguchiro, naitaka televisheni yako. Iwe skrini yangu ya pili."

"Na wanangu watachezea wapi, mzee?"

"Hilo lako. Kesho nabeba."

Nguchiro moyo ukamuuma, maana hela ya kununua nyingine hana. Akasema, "Ukibeba hivihivi watakuita mwizi. Tushindane. Kesho kila mtu akae kwake acheze. Wa kwanza kuinuka kufuata gemu la mwenzake, ameshindwa. Nikishindwa mimi, televisheni chukua. Ukishindwa wewe, wanangu wacheze kwenye kompyuta yako kila siku."

Kiboko akacheka, kho kho kho! "Mimi niinuke nifuate kisanduku?" Wakapeana mikono, majirani wakashuhudia.

Asubuhi, kwa Kiboko, vuuuu! Kwa Nguchiro, luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ikalia ti! ti! ti! Ikanyamaza.

Mara ng'ambo ya ukuta: "Gooo! Umefungwa! Achia pedi! Nani anafuata?" Kiboko akajikaza.

Mara tena: "Gooo! Umefungwa! Achia pedi! Nani anafuata?" Kiboko akaanza kutikisa mguu.

Mara ya tatu: "Gooo! Umefungwa! Achia pedi! Nani anafuata? Hakuna? Jamani, pedi iko wazi!"

Iko wazi? Mlafi yule tangu azaliwe hajaona kitu kiko wazi akakiacha. Akainuka, kiti pu! Mbio mpaka kwa Nguchiro, akausukuma mlango. "Mimi! Mimi ndiye nafuata!"

Akakuta nini? Televisheni nyeusi tii. Umeme wa luku umeisha tangu asubuhi. Watoto saba wako sakafuni na pedi zao, wanapiga kelele tu.

"Umenidanganya!"

"Wapi, mzee? Tulisema kila mtu acheze. Hawa hawachezi?"

Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kiboko akaona haya, akawafungulia watoto mlango wake. Wakachomeka pedi zao mbili kwenye kompyuta, na kompyuta ikazikubali. Kitindamimba akamfunga Kiboko mabao sita, naye akaachia pedi bila kuambiwa, akakaa sakafuni kungoja zamu yake. Nawaambia kweli, alifurahi. Toka ahamie pale hakuwahi kucheka na mtu. Mlango ule haukufungwa tena.

Hadithi yangu nimeiachia, nani anafuata?
— Funzo kwanza, shangazi!

Funzo? Msiseme uongo, wanangu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Nguchiro ilikuwa hatua ishirini tu, mpaka kwenye kompyuta.